Taya la Johnny Bright: Habari za Timu ya Mpira ya Chuo Kikuu cha Drake

Somo la Historia kwa Redio. Madarasa ya Watu Wazima, Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Najua wengi wenu mmetoka kazini sasa hivi. Wengine mmetoka ziwani, wengine shambani, wengine dukani na sokoni. Pumzikeni kidogo. Aliyekaa mbali na redio asogee karibu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni miaka hii mitatu: 1951, 2005 na 2011. Tutaisoma mmoja mmoja, na mwisho wa somo kila mtu aweze kueleza kilichotokea katika kila mwaka.

Somo la leo ni habari za timu ya mpira. Lakini huo si mpira tunaoucheza sisi, na timu yenyewe ni ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Msikate tamaa. Habari hizi zinaanzia mahali tunapopajua, na zitaturudisha hapa kwetu kwenye pamba.

Uwanja wa Arusha

Watu wa Mwanza hawatasahau upesi mwezi wa Aprili 2024. Mwezi huo timu ya Pamba Jiji ilipata tena nafasi ya kucheza Ligi Kuu, baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20. Mchezo uliowapa nafasi hiyo haukuchezwa hapa Kirumba. Ulichezwa Arusha, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Uwanja huo una jina la mshairi mashuhuri wa Kiswahili, ambaye alikuwa pia waziri wakati wa Mwalimu Nyerere.

Basi, katika uwanja huo huo, tarehe 21 Mei 2011, ulichezwa mchezo ambao wengi waliokuwapo walikuwa hawajauona hata siku moja. Timu mbili za wageni zilikutana. Moja ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Drake, kilichoko mji wa Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani. Ya pili ilikuwa ya vijana waliochaguliwa kutoka vyuo vya Mexico. Watu zaidi ya 11,000 walikuja kutazama. Drake ilishinda kwa pointi 17 kwa 7. Baada ya mchezo vijana wa Drake walikwenda kuupanda Mlima Kilimanjaro.

Kabla ya hapo vyuo vya Marekani havikuwa vimeleta mchezo wao huo katika bara la Afrika. Lakini mimi sikuchagua somo hili kwa sababu hiyo. Nimelichagua kwa sababu ya jambo lililoipata timu hiyo hiyo ya Drake miaka 60 kabla ya kufika Arusha. Jambo hilo lilitokea mwaka 1951.

Mchezo wenyewe

Kwanza tuuelewe mchezo. Kila timu ina watu 11 uwanjani, kama mpira wetu. Lakini mpira wao si wa mviringo. Umechongoka pande mbili, mfano wa embe refu. Mchezaji huukumbatia kifuani akakimbia nao, au humtupia mwenzake kwa mkono. Wapinzani humkamata na kumwangusha chini. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Wakishindwa, hupoteza mpira. Mchezaji akiuvusha mpira mstari wa mwisho wa upande wa adui, timu yake hupata pointi 6.

Ni mchezo wa nguvu, na kuangushana ni halali. Lakini kuna mipaka. Mtu asiye na mpira, aliyesimama mbali na mahali mpira ulipo, haruhusiwi kupigwa ngumi usoni. Shikeni neno hilo, kwa maana ndilo kiini cha habari zetu.

Vyuo vya Marekani vilianza kushindana kwa mpira zamani sana. Mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza ulikuwa tarehe 6 Novemba 1869, kati ya Rutgers na Princeton. Siku hizo walikuwa bado wanaucheza kwa namna iliyo karibu zaidi na mpira wetu. Tangu hapo kila mwaka, majira ya joto yakiisha na baridi ikianza, vyuo hucheza michezo yao. Kipindi hicho huitwa msimu.

Msimu wa 1951

Mwaka 1951 Drake ilikuwa na mchezaji mmoja aliyesifika nchi nzima. Jina lake Johnny Bright. Alizaliwa tarehe 11 Juni 1930 katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Alikuwa Mmarekani mweusi. Aliweza kukimbia na mpira, na aliweza kuutupa mbali kwa shabaha. Mwaka 1949, na tena mwaka 1950, hakuna mchezaji wa chuo katika Marekani nzima aliyeisogeza timu yake mbele yadi nyingi kama yeye.

Kumbukeni Marekani ya wakati ule ilikuwaje. Katika majimbo mengi ya kusini, watu weusi walitengwa kwa sheria. Shule zao zilikuwa mbali, na viti vyao katika mabasi vilikuwa mbali. Vyuo vingi havikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi.

Drake ilianza msimu wa 1951 vizuri mno. Ilicheza michezo mitano, ikashinda yote mitano. Mchezo wa sita ulikuwa ugenini, katika mji wa Stillwater, jimbo la Oklahoma, jimbo lililokuwa na sheria hizo za kutenga watu. Wapinzani wao walikuwa chuo kilichoitwa Oklahoma A&M. Siku hizi kinaitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma. Siku ya mchezo ilikuwa tarehe 20 Oktoba.

Kabla ya siku hiyo uvumi ulienea Stillwater. Watu walisema kwamba Bright hataumaliza mchezo ule. Uvumi ukafika hata masikioni mwa waandishi wa magazeti.

Dakika saba

Mchezo ulianza. Bright alipokea mpira, akampa mwenzake, naye mwenzake akakimbia nao upande mwingine. Watu wote uwanjani wakageuka kuufuata mpira. Bright akabaki nyuma, amesimama, hana kitu mikononi. Hapo mchezaji mmoja wa Oklahoma A&M, Wilbanks Smith, alimjia akampiga usoni. Bright akaanguka, hana fahamu. Taya lake lilikuwa limevunjika.

Aliinuka. Muda mfupi baadaye, na taya lile lile lililovunjika, alitupa mpira uliokwenda yadi 61, yaani kama mita 56, na mwenzake akauvusha mstari. Drake ikapata pointi. Lakini Bright alipigwa tena, na tena. Katika dakika saba za kwanza za mchezo alipoteza fahamu mara tatu. Mwisho alishindwa kuendelea, akatoka.

Waamuzi hawakumwadhibu mtu yeyote. Oklahoma A&M ikashinda kwa pointi 27 kwa 14.

Ndugu wanafunzi, hebu tusimame hapo kidogo. Mngekuwa ninyi ni wazee wa timu ya Drake, mngefanya nini? Mngesema mpigaji ni nani? Waamuzi wanasema hawakuona. Watazamaji walikuwa wanautazama mpira, nao ulikuwa upande mwingine. Wenyeji wangesema ni bahati mbaya ya mchezo. Lingekuwa neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine, na mambo ya namna hiyo huishia kwa mwenye nguvu.

Picha sita

Lakini uwanjani walikuwapo wapiga picha wawili wa gazeti moja la Des Moines. Majina yao John Robinson na Don Ultang. Walikuwa wameusikia uvumi. Kwa hiyo hawakuufuata mpira. Kamera yao waliielekeza kwa Johnny Bright.

Robo ya kwanza ya mchezo ilipokwisha, hawakungoja zaidi. Walichukua filamu yao wakaiwahisha nyumbani. Gazeti likatoa picha sita zikifuatana. Katika picha hizo kila mtu aliweza kuona mambo kwa mpango wake. Mpira umekwisha kutoka mikononi mwa Bright. Smith anamjia. Pigo linafika usoni. Bright anaanguka. Picha zilienea Marekani nzima, na mwaka 1952 wapiga picha wale walipewa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya magazeti ya nchi ile.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba jambo halikutokea. Kilichobaki ni kubishana juu ya sababu. Smith mwenyewe alikana kwamba alimpiga Bright kwa ajili ya rangi yake. Bright kwa upande wake alisema haiwezekani rangi isiwe sababu. Mwanafunzi wa historia husikiliza pande zote mbili, kisha hutazama ushahidi. Hapa ushahidi ni uvumi uliotangulia, mapigo yaliyofuatana, na mchezaji asiye na mpira.

Mizani ya pili

Sasa turudi nyumbani. Miaka ile ile, hapa kwetu, wakulima wa pamba wa Usukuma, Ukerewe na Geita walikuwa na shida inayofanana na hiyo. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi. Mnunuzi akaiweka juu ya mizani yake mwenyewe, akamtajia uzito. Mkulima alihisi moyoni kwamba amepunjwa. Lakini atasema nini? Mizani si yake, na wengi walikuwa hawajui kuzisoma namba.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipoweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe kwanza kabla haijafika kwa mnunuzi. Hiyo ndiyo mizani ya pili. Mkulima aliyekwisha kupimiwa kwanza hakuwa akinung'unika tu. Alikuwa na namba mkononi. Vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Mmeona jinsi mambo yanavyolingana? Kamera ya wale wawili ilikuwa mizani ya pili. Mnyonge hupata nafuu anapokuwa na ushahidi ambao mwenye nguvu hawezi kuufuta. Nayo ni sababu moja ya sisi kukaa hapa jioni tukijifunza kusoma na kuhesabu.

Hata hivyo ushahidi peke yake hautoshi. Mizani ya pili ingekuwa chuma kitupu kama wakulima wasingesimama pamoja. Na picha sita zingekuwa karatasi tu kama asingetokea mtu wa kusimama nyuma yake. Tutazame basi chuo cha Drake kilifanya nini.

Chuo kinajitoa

Drake na Oklahoma A&M zilikuwa ndani ya shirikisho moja la vyuo, lililoitwa Missouri Valley. Drake ilitaka haki itendeke. Shirikisho halikumwadhibu mchezaji, wala halikukiadhibu chuo chake. Basi Drake ikajitoa. Chuo kingine, kiitwacho Bradley, ambacho mchezaji wake hakuguswa, kikajitoa pia ili kusimama pamoja na Drake.

Msidhani lilikuwa jambo dogo. Shirikisho ndilo linaloipa timu wapinzani wa kila mwaka na kombe la kushindania. Kujitoa ni sawa na mfanyabiashara kufunga banda lake katika soko kubwa. Drake ilirudi katika shirikisho mwaka 1956 kwa michezo mingine, lakini kwa mpira huu haikurudi mpaka mwaka 1971. Ni miaka 20 kamili tangu taya la Bright lilipovunjika.

Na msimu wenyewe uliishaje? Bright alikosa sehemu kubwa ya michezo iliyobaki. Drake ilimaliza mwaka ikiwa imeshinda michezo 7 na kushindwa 2. Hawakupata taji lolote. Lakini niulizeni ni msimu upi wa Drake unaokumbukwa kuliko yote, nami nitawajibu ni huo. Hata sheria za mchezo zikakazwa baadaye, na wachezaji wakatakiwa kuvaa helmeti yenye kinga ya uso.

Johnny Bright mwalimu

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Je, Bright alipewa haki yake?

Mwaka 1952 timu kubwa ya kulipwa ya Philadelphia ilimchagua mapema kabisa. Angekuwa mchezaji wao wa kwanza mweusi. Bright alifikiri namna wenzake kutoka kusini watakavyomtendea, akakataa. Alihamia Canada. Huko alicheza miaka mingi, zaidi katika mji wa Edmonton, na timu yake ikachukua kombe la nchi mara tatu mfululizo, 1954, 1955 na 1956. Mwaka 1959 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi yote. Mwaka 1962 alipata uraia wa Canada.

Lakini jambo ninalopenda mlikumbuke ni hili. Mtu huyu aliyeweza kuishi kwa jina lake la mpira alikuwa pia mwalimu wa shule, na baadaye akawa mwalimu mkuu. Alifariki tarehe 14 Desemba 1983, akiwa na umri wa miaka 53. Katika uhai wake hakuna aliyemwomba radhi kutoka chuo kile cha Oklahoma.

Barua ilikuja mwaka 2005. Tarehe 28 Septemba mwaka huo mkuu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, David Schmidly, alimwandikia mkuu wa Drake akaomba radhi kwa yaliyotokea. Ilikuwa imepita miaka 54. Bright alikuwa kaburini kwa miaka 22.

Wengine watasema barua ya kuchelewa namna hiyo haina maana. Mimi sikubaliani nao kabisa, wala siwapingi kabisa. Marehemu hakuisoma, na hilo haliponyeki. Lakini kosa lililoandikwa na mkosaji mwenyewe halifichiki tena. Watoto wa chuo kile watalisoma hivyo lilivyo. Mwaka uliofuata, 2006, Drake ikauita uwanja wake wa mpira kwa jina la Johnny Bright.

Kutoka uwanja huo ndiko walikotoka vijana waliokuja Arusha mwaka 2011. Wao huingia mchezoni bila kulipiwa ada ya masomo kwa sababu ya mpira, maana shirikisho walilomo halitoi fedha hizo. Walipotoka Tanzania walirudi kwao wakacheza msimu wao. Walishinda michezo 7 kati ya 8 ya shirikisho lao, wakashika nafasi ya kwanza pamoja na Chuo Kikuu cha San Diego. Ulikuwa msimu mzuri. Lakini heshima ya timu yao ilikuwa imejengwa miaka 60 nyuma, na watu waliokubali kupoteza michezo kuliko kumwacha mwenzao peke yake.

Mwaka 2021 Drake ilifungua chuo kidogo ndani ya chuo kikuu chake, cha masomo ya miaka miwili, nacho kikapewa jina la Bright. Mtu aliyepigwa ili asimalize mchezo, jina lake likawa jina la chuo.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Mkizungumza nyumbani habari za timu mnayoipenda, msiulize tu imeshinda mara ngapi. Ulizeni pia, mmoja wao alipoonewa, wenzake walifanya nini? Kwaherini, mpaka somo lijalo.

Maneno ya kujifunza

Taya: mfupa wa kinywa unaoshika meno.
Uvumi: habari inayoenea kwa watu bila kujulikana imetoka kwa nani.
Ushahidi: jambo au kitu kinachoonyesha ukweli wa neno.
Kupunjwa: kupewa pungufu ya haki yako.
Msimu: kipindi cha mwaka cha kufanya jambo fulani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wapiga picha wale wawili hawakuufuata mpira?
2. Eleza kilichotokea mwaka 1951, mwaka 2005 na mwaka 2011.
3. Yadi moja ni kama sentimita 91. Mpira uliotupwa yadi 61 ulikwenda sentimita ngapi? Ni kama mita ngapi?
4. Chuo cha Bradley hakikuguswa, lakini kilijitoa. Je, kilifanya vema? Toa sababu.
5. Muulize mzee mmoja wa kijijini au mtaani kwako habari za mizani ya pamba zamani. Andika sentensi tano juu ya aliyokueleza, uzilete darasani.